Vumbi la Ijumaa

Mama mkwe wangu aliajiriwa na pampu ya maji. Sisemi aliajiriwa kwenye pampu, wala na wenye pampu. Pampu yenyewe ndiyo iliyomwita kazini, ikamkagua, ikamlipa, na baadaye ikamtilia shaka. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, na katika sehemu moja ya habari hii nilishika beseni, kwa hiyo siwezi kujifanya mtazamaji.

Tunaishi Nyamahanga, kando ya barabara ya udongo mwekundu inayopitwa na malori ya mahindi. Mimi ni Msukuma. Babu yangu alikuja huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga akitafuta malisho, akapata malisho na mke, akakaa. Mume wangu ni wa Ntobeye, kule Ngara, na mama yake alizaliwa huko huko, katika nyumba ya wazazi waliovuka mpaka kutoka Burundi na godoro moja na mbegu za maharage. Baba mkwe alipofariki, mama alitufuata Nyamahanga. Mume wangu yuko machimboni upande wa Geita, anarudi mwisho wa mwezi, hivyo nyumbani ni sisi wawili, mimi na cherehani yangu, yeye na jembe lake.

Kitu kimoja mama hakuwa nacho, nacho ni kitambulisho cha taifa. Alitakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa, na alizaliwa jikoni kwa bibi yake. Alitakiwa kuleta cheti cha ubatizo, na upepo uliwahi kuezua bati za kanisa lao, karatasi zikalowa zote. Ikabaki barua ya mtendaji wa kijiji. Ntobeye wakamwambia hakai tena kwao. Nyamahanga mtendaji alikuwa mgeni, hamjui, na mwenyekiti wa kitongoji aliyemjua alikuwa ameshazikwa. Kwa miaka mama alikuwa akibeba bahasha yake ya kaki kwenda na kurudi, hata bahasha ikapata umbo la kwapa lake.

Ndipo ikaja pampu. Ilikuwa ya mradi fulani, inaendeshwa na jua, na paneli zake zilisimikwa chini, nyuma ya uzio wa waya, hatua chache kutoka barabarani. Fundi aliyekuja kuiwasha alikuwa binti mwembamba aliyevaa buti na kofia pana. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani, akiandika. Tulikuwa tumejaa pale na madumu yetu tukimtazama.

"Unaandika nini, binti?" mama akamuuliza baada ya kupokea shikamoo yake.

"Naiandikisha pampu, mama. Lazima iwe na utambulisho wake. Itakuwa inapokea fedha za maji na kulipa yenyewe. Itanunua bando lake, itaita fundi ikiharibika, itamlipa mtu wa kuisafisha."

"Cheti cha kuzaliwa inacho?"

Binti akacheka. "Haihitaji, mama."

"Barua ya mtendaji?"

"Haihitaji."

"Na kwao ni wapi?"

"Imetengenezwa nje ya nchi."

Mama akanigeukia. "Imetoka nje ya nchi," akaniambia taratibu, kama mtu anayetaka niwe shahidi.

Kabla jua halijafika utosini pampu ilikuwa imeshapata utambulisho wake, mstari mrefu wa herufi na namba ambao hakuna aliyeweza kuusoma hadi mwisho. Binti alitueleza jinsi mambo yanavyokwenda, na nitamsifu kwa hilo, maana hata sisi tuliokuwa tukifikiria nyama ya jioni tulielewa. Pampu ina ufunguo wake wa siri, alisema, kama sahihi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuiiga. Ikifanya jambo lolote, ikiuza ndoo moja ya maji au ikimlipa mtu, inalitia sahihi jambo hilo, na kompyuta nyingi zilizotawanyika duniani zinaliandika kila moja katika daftari lake. Kila ukurasa umefungwa kwenye ukurasa uliotangulia kama pingili za mnyororo. Anayetaka kufuta mstari mmoja itabidi afute madaftari yote kwa mara moja, na hawezi.

"Hata wewe huwezi?" akauliza jirani yetu.

"Hata mimi."

Jirani huyu ni mjane wa Kisukuma mwenye ng'ombe sita na sauti ya kuwaita kutoka kijiji cha pili. Yeye na mama walikuwa hawazungumzi tangu mbuzi wa mmoja walipokula mihogo ya mwingine. Siku hiyo walisimama pande mbili za lile tenki, na fundi alipouliza nani anataka kuandikishwa kwa kazi ya kufuta paneli, wote wawili walinyoosha mkono. Mimi nikanyoosha wa tatu.

Mama alisita. "Mimi sina kitambulisho, binti yangu."

"Huku hakihitajiki. Utapewa ufunguo wako, kama pampu ilivyopewa wake." Akamkabidhi kidude kidogo chekundu kama kifungo cha koti, walichokiita tagi. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga kwenye pindo la kitenge, na njiani akawa akilipapasa pindo lile.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Paneli zikishika vumbi, nguvu ya jua hupungua, na pampu hujua kabla ya mtu yeyote. Inatuma ujumbe kwa walioandikishwa: Paneli ni chafu. Nani anaweza? Wa kwanza kujibu ndiye anayepewa. Anakwenda, anagusisha tagi, geti linafunguka, anafuta kwa maji na kitambaa laini, anagusisha tena akitoka. Pampu inapima nguvu ya kabla na ya baada. Ikiwa imepanda, malipo yanaingia kwenye simu kabla mtu hajafika kwake. Ya mama yaliingia kwenye simu yangu, nami nikamtolea.

Watu wakaanza kuiita Bosi. Kiangazi kile malori yalipita mchana kutwa na paneli zilikuwa nyekundu kila baada ya siku mbili, na mama, aliyenifundisha kuiacha simu dirishani ambapo mtandao ni mzuri, alifuta kuliko wote. Alinenepa kwa furaha. "Bosi hanisemi," alikuwa akiniambia tukimenya ndizi. "Bosi haniulizi baba yangu alitoka wapi. Na hajawahi kuniambia nirudi kesho."

Jumapili alianza kutoa sadaka yake mwenyewe, noti iliyokunjwa, si ile ya kuniomba mimi mlangoni tukiwa tumeshachelewa.

Kisha mvua za vuli zikaingia, zikazifuta paneli bure. Wiki ya kwanza mama alisema ni kupumzika. Wiki ya pili alikaa barazani akitazama mawingu kama mtu anayemtazama mwizi anayemjua kwa jina. Wiki ya tatu mvua ilikatika siku nne, na Ijumaa, kwenye saa kumi, nikamkuta kando ya uzio, upande wa barabarani, ameshika beseni. Ndani ya beseni mlikuwa na udongo mwekundu, mkavu, laini kama poda ya mtoto. Alikuwa ameuchekecha. Nililitambua chekeche langu la unga likiwa limelala kwenye majani.

"Mama, unafanya nini?"

"Napanda," akasema.

Akachota kwa kiganja, akarusha juu ya waya. Udongo ukasambaa hewani vizuri, ukatua juu ya paneli kama vile umezaliwa pale.

Ningeweza kusema neno. Nililelewa na watu wanaosema neno. Badala yake nilitazama paneli zile, nikamwambia, "Ule upande wa kushoto haujakolea."

Akanipa beseni.

Hatukuwa tumefika hata uani simu ililia. Paneli ni chafu. Nani anaweza? Nikajibu kwa niaba ya mama. Mama hakwenda mara moja. Alinawa, akabadilisha kitenge, akanywa maji, akasubiri muda ambao mtu mwenye heshima angesubiri, ndipo akashika ndoo. Jumapili hiyo aliimba kwa sauti ya juu, nami nikachagua kutazama mishumaa.

Tukaendelea hivyo, Ijumaa kwa Ijumaa. Nilinunua chekeche jingine, lile la kwanza likawa la kazi. Sitasema tuliona aibu sana. Tulijiambia kwamba Bosi ana fedha na hana watoto.

Kosa letu lilikuwa kumsahau jirani. Ng'ombe wake hunywa maji pale pale, na Ijumaa moja alituona. Akapita na ng'ombe wake. Ijumaa iliyofuata tulipaka vumbi kama kawaida, tukarudi, tukangoja, na simu haikulia ila kutuambia kwamba kazi imeshachukuliwa. Tulipochungulia tulimwona yuko ndani ya uzio na ndoo yake, anafuta taratibu, anaimba. Alikuwa ameketi na simu mkononi tangu saa tisa.

Wiki ya pili ikawa vile vile. Mama alikasirika mpaka akakosa hamu ya chakula.

"Ananiibia jasho langu."

"Basi kamshtaki," nikamwambia.

"Nitamshtaki nini? Niseme mimi nimepaka na yeye amefuta?" Akafikiri. "Tena kwa nani?"

Jioni ile alivaa viatu, akavuka barabara, kwa mara ya kwanza tangu ile mihogo. Nilimfuata kwa sababu nilidhani watapigana. Alimsalimu jirani kwa Kisukuma, mwangaluka, salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa linazama. Jirani akamsogezea kigoda. Walizungumza kwa muda mrefu kuhusu mvua, kuhusu bei ya mbolea, kuhusu magoti. Mwishowe mama akasema, "Dada, tufanye zamu. Wiki hii mimi napaka wewe unafuta. Wiki ijayo wewe unapaka mimi nafuta."

"Na huyu?" jirani akauliza, akinionyesha mimi.

"Huyu anashika beseni."

Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza, na sijawahi kuona wanawake wawili wakipendana haraka namna ile. Walianza kukopeshana chumvi. Walianza kunisengenya mimi kwa pamoja.

Bosi aliingilia mwezi uliofuata. Ujumbe ulikuja asubuhi, kwa sisi sote watatu: Paneli huchafuka kila Ijumaa kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Uchafu huu si wa kawaida. Atakayeeleza chanzo atalipwa. Na kiasi kilichoahidiwa kilikuwa kikubwa kuliko kufuta mara kumi.

Nilimsomea mama. Akatazama ng'ambo ya barabara. Jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake na simu, anatazama kwetu. Kila mmoja wetu alikuwa na siri ya mwenzake na mnunuzi aliye tayari. Nakiri kwamba nilifikiri juu ya bei ya uzi. Mama akavuka barabara, jirani akavuka, wakakutana katikati, lori likawapigia honi, nao hawakusogea mpaka walipokubaliana.

"Mwandikie," mama akaniambia aliporudi. "Chanzo ni upepo."

Nikaandika. Jibu lilikuja papo hapo: Asante. Tunahakiki. Baada ya dakika kama tano likaja la pili: Siku hizo hapakuwa na upepo.

Mama alikaa chini. "Anajua na upepo," akasema kwa sauti ndogo.

Siku tatu baadaye yule binti fundi alikuja na pikipiki. Tulimwona kwa mbali, na jirani alikuja kwetu mbio ili akamatwe akiwa na wenzake. Binti alituamkia shikamoo, akapewa kiti, akapewa uji, akaunywa wote. Kisha akatoa simu yake, akatuonyesha mchoro: mstari unaopanda na kushuka, na kila Ijumaa unazama kama mtu aliyetumbukia shimoni, kisha unapanda tena.

"Mama zangu," akasema, "lori hufanya kazi wiki nzima. Hili vumbi linakwenda kwa kalenda."

Jirani alianza kuchunguza kucha zake.

"Ufute basi huo mstari," mama akasema mwishowe. "Tumekosa."

"Haufutiki, mama. Niliwaambia siku ile. Umeshaandikwa kote."

"Hata dhambi inafutwa, binti yangu. Unakwenda kwa padri, unaungama, imekwisha. Hili daftari lenu linaungamwa kwa nani?"

Binti aliweka bakuli la uji chini. Aliniambia baadaye, nikimsindikiza kwenye pikipiki, kwamba swali lile ameliuliza ofisini kwao kwa namna nyingine na hakuna aliyelijibu. Lakini pale barazani alisema tu kwamba Bosi hana hasira, anabadilisha masharti. Na kweli Jumatatu yalibadilika. Hakuna tena malipo ya kufuta. Sasa Bosi alilipa kidogo kila wiki kwa paneli kuwa safi, nao walinzi wa usafi huo walikuwa wale wale waliouchafua. Mama na jirani walikuwa wakali kuliko polisi. Ukipita pale na mbuzi unarudishwa. Dereva wa lori aliyezoea kwenda kasi alisimamishwa na wanawake wawili wenye fagio, akahubiriwa habari za vumbi mpaka akaomba radhi.

Ni katika siku hizo mama alipata wazo lake. Mtendaji wetu alikuwa amemwambia kwamba angeandika barua ya ukaazi kama angepata ushahidi wowote kuwa ameishi hapa mfululizo, maana hawezi kuandika asichokijua. Alisema kwa adabu, na hata mimi niliona ana haki.

"Bosi ananijua," mama akaniambia. "Kila nilipogusisha tagi aliandika. Siku, saa, mahali. Na hakifutiki. Kapige chapa."

Nilimwomba fundi, akanitumia orodha, nikaenda kuichapisha mjini Biharamulo. Zilitoka kurasa tano. Mama alivaa gauni la kanisani, tukaenda ofisini asubuhi, yeye, mimi na jirani aliyekataa kubaki.

Mtendaji ni kijana mwenye miwani na subira. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akaanza kukunja uso.

"Mama, hii ni mashine ya maji inayosema umekuwa ukiifanyia kazi?"

"Ndiyo, mwanangu. Kiangazi, vuli, mpaka leo."

"Na huyu mwenye namba hii ndefu ni wewe?"

Mama akafungua pindo la kitenge, akaweka tagi juu ya meza. Mtendaji akailinganisha namba iliyochapwa nyuma yake, herufi kwa herufi, kidole kikitembea. Ililingana. Akaendelea kusoma. Kwenye ukurasa wa nne alisimama.

"Hapa pana alama nyekundu. Uchafu usio wa kawaida, Ijumaa. Uchafu usio wa kawaida, Ijumaa. Tena Ijumaa." Alishusha miwani. "Kulikuwa na nini Ijumaa?"

Nilitazama ukutani. Palikuwa na kalenda ya duka la pembejeo na nikaisoma yote. Jirani alikohoa. Mama peke yake ndiye aliyemtazama usoni.

"Nirikuwa napaka vumbi," akasema. Mama huchanganya ra na la akitaka kusema kweli haraka. "Ili nilifute, nilipwe. Nimeshaacha."

Mtendaji alipandisha miwani.

"Lakini tazama, mwanangu," mama akaendelea. "Mtu asiyekaa Nyamahanga angepakaje vumbi Nyamahanga kila Ijumaa? Ningekuwa mtu wa kuja na kuondoka, paneli zingekuwa safi."

Kijana wa watu aligeuza kiti chake kuelekea dirishani. Mabega yake yalitikisika kwa muda. Aliporudi alikuwa amefuta miwani na macho.

"Siwezi kuandika kwamba shahidi ni pampu," akasema. "Nahitaji mtu."

Jirani akasimama kabla hajaitwa. "Mimi ni mtu. Nakaa ng'ambo ya barabara kwake tangu alipokuja. Tumegombania mihogo, tumegombania kazi, tumeshirikiana wizi. Mgeni huwezi kugombana naye muda mrefu hivyo, angeshaondoka."

Mtendaji alichukua karatasi yenye nembo, akaandika. Alibandika nakala ya zile kurasa tano nyuma yake, akisema hazitamdhuru, na akagonga muhuri. Mama aliinusa ile barua kabla ya kuitia kwenye bahasha.

Wilayani hawakuzisoma zile kurasa. Walisoma barua, wakamuuliza maswali, wakampiga picha, wakamtaka aweke vidole kwenye kioo. Kioo kilikataa. Jembe lilikuwa limekula mistari ya vidole vyake vyote. Karani alimpaka mafuta ya mgando, akamwambia asugue, ajaribu tena, na kidole gumba cha kushoto ndicho kilichokubali kwanza, vingine vikafuata kimoja kimoja. Mama alivitazama akitoka kama watoto waliofaulu mtihani.

Kadi ilichukua miezi. Ilipokuja, alinikataza kuigusa. Alivuka barabara nayo akiwa ameishika pande zote mbili, nami nyuma yake. Jirani alifuta mikono, akaipokea, akaitazama picha.

"Umekunja uso," akasema.

"Nilikuwa nafikiri."

Jirani akaendelea kuitazama. Yeye husoma namba vizuri kuliko maneno, kwa sababu ya ng'ombe. Niliona midomo yake ikihesabu. Kisha akaingia ndani, akarudi na kadi yake, akaziweka mbili pamoja kwenye mapaja.

"Kumbe wewe ni mdogo wangu," akasema. "Kwa miaka miwili."

"Mwaka huo wameuandika wao," mama akasema. "Mama yangu hakuhesabu."

"Umeandikwa. Serikali imeandika. Tangu umehamia hapa tunasalimiana kama marika, na mimi ni mkubwa wako." Akanyoosha mgongo, akakunja mikono, akangoja.

Mama alichukua kadi yake, akarudi nyumbani. Kesho yake alikwenda kuangalia paneli kwa kupitia nyuma, kwenye migomba, mzunguko mrefu, viatu vikilowa umande. Keshokutwa hivyo hivyo. Siku ya tatu goti lilimuuma, akaamua kupita barabarani. Jirani alikuwa ameshakaa mlangoni na kikombe cha chai.

Mama alisimama. Alitazama huku na huku kama kuna mtu anayesikiliza, na nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya nguo nilizokuwa naanika.

"Shikamoo," akasema, kwa sauti ya mtu anayetema mbegu.

"Marahaba, mdogo wangu," jirani akajibu, akalivuta neno lile mpaka ng'ombe wakageuza vichwa.